Kalamu na Kidonoa kwenye Macho ya Sungura Wangu

Nilifundisha watoto kusoma Kurani kwa miaka mingi hapa Naipingo. Sauti ilipoanza kunikatikia katikati ya aya, nikamwachia kiti mwalimu kijana, mimi nikabaki na sungura. Walikuwa wawili, zawadi ya mwanangu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu wakafika kumi na wanne kabla sijajua mbao za mabanda zitatoka wapi. Mke wangu alisema nimestaafu wanafunzi wa miguu miwili nikaajiriwa na wa miguu minne. Sikumbishia. Wa miguu minne hawachelewi darasani.

Jirani yangu wa upande wa bondeni ni mfugaji. Alikuja na ukoo wake na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, miaka ile walipokuja wengi, na mwanzoni tulisumbuana sana kwa sababu ya mbaazi zangu na midomo ya ng'ombe wake. Hayo yalikwisha. Yeye ni mtu wa kanisani na mimi ni mtu wa msikitini, na kati ya Wasukuma na sisi Wamwera sijui utani wowote wa jadi, kwa hiyo tulitengeneza wetu wenyewe. Alipoona mabanda yangu kwa mara ya kwanza alisimama akashika kiuno.

"Mwalimu, nilisikia watu wa kusini mnakula panya, lakini sikujua mnawafuga. Tena mmewavuta masikio!"

Nikamjibu kwamba watu wa ziwani wakikosa ng'ombe wa kuchunga huchunga hata kuku, na sungura wangu nisingethubutu kumwonyesha, asije akawapeleka malishoni na fimbo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hatujawahi kukutana bila kuchokozana.

Bintiye ndiye aliyeleta habari ninayotaka kuisimulia. Ni wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, anasomea udaktari wa mifugo, na mwaka jana, ufuta ukiwa umeshavunwa, alikuja nyumbani na kisanduku chenye sifongo ndani. Alipiga goti mlangoni kwangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini humo?"

"Vipimo vya presha ya macho. Nimekuja kukuazima sungura."

Mke wangu alicheka jikoni. Mimi sikucheka. Mama yangu mzazi aliondokewa na macho yote mawili akiwa bado ana nguvu za kulima. Hakuumwa hata siku moja. Aliona ukungu pembeni, ukungu ukasogea katikati, ukafika. Baadaye sana, nilipopimwa mimi mwenyewe kwenye hospitali kule Mnero, ndipo nilipojua kilichompata kina jina. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yasipotoka vizuri, jicho hujaa na kukaza, na mshipa unaopeleka picha kichwani hufa kidogo kidogo bila mwenyewe kuhisi. Mimi Mungu alinijalia kugunduliwa mapema. Natia dawa ya matone kila siku, na bado nasoma msahafu wangu bila kusomewa. Kwa hiyo mtu akiniambia presha ya macho, hata kama ni ya sungura, nakaa nasikiliza.

Alifungua kisanduku. Kipimo cha kwanza kilifanana na kalamu nene. Unagusa nayo kioo cha jicho taratibu, nayo inalia na kuonyesha namba. Cha pili unakishika kama tochi, na mbele yake kuna kijiti chembamba kuliko sindano ya kushonea, chenye kichwa cha duara. Ukibonyeza, kijiti kinaruka, kinagusa jicho na kurudi, kinaruka tena na kurudi, haraka kiasi kwamba mnyama hana muda wa kukasirika.

"Kalamu ndiyo wanayoiamini zaidi," alisema. "Lakini lazima jicho litiwe ganzi kwanza, na dawa ya ganzi inataka friji. Hiki kingine hakitaki ganzi. Kama vyote viwili vinatoa majibu yanayofanana, bwana mifugo anaweza kuzunguka nacho vijijini na kuwagundua wanyama mapema. Kazi yangu ni kuvilinganisha."

"Na visipofanana?"

"Niseme kwa nini. Gari la chuo litapita kuvichukua Alhamisi ya wiki ya tatu. Ikifika siku hiyo sina namba zinazoeleweka, babu, narudia mwaka mzima."

Nilimpa sungura kumi na wawili, wakubwa wenye afya. Wawili waliobaki walikuwa wananyonyesha, nao nilisema waachwe na ulezi wao.

Mwenzake wa chuo aliyekuwa aje kumsaidia kushika wanyama aliugua, hakuja. Asubuhi ya kwanza nikatoa kiti changu uani, nikakaa tayari, kwa kuwa sungura ni wangu na wananijua. Mara nikaona kofia ya jirani inapanda kutoka bondeni. Alikuja na kigoda chake mwenyewe.

"Nani atamshikia mwanangu wanyama, kama si mimi?" alisema. "Nimeshika fahali."

"Hawa si mafahali."

"Ndiyo maana nimekuja kwa mkono mmoja."

Binti alisimama katikati yetu. Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, na nilimwona akipima jambo kichwani. Kisha akasema kwa upole, "Baba, wewe utashika wa kipimo hiki cha kuruka. Babu, wewe utashika wa kalamu. Kila sungura ataanzia kwa baba, kwa sababu kile hakitaki ganzi, halafu nitamtia matone, atakuja kwa babu."

Nilimsifu moyoni. Nikasema, huyu mtoto amelelewa. Wazee wawili, kila mmoja na kiti chake na kipimo chake, hakuna aliyepunguziwa heshima. Leo nakiri mbele ya msomaji kwamba pale pale ndipo kosa lilipoingia, na mimi nilikuwa wa kwanza kulishangilia.

Zilikuwa asubuhi za raha. Dawa ya ganzi ilikaa kwenye friji ya soda ya duka lililo karibu, na mwenye duka alimwambia kila mteja kwamba chupa ile ndogo si ya kunywa. Mimi nilimfunga sungura kwa kanga kuukuu ya mke wangu, nikampakata, kichwa kikitokeza kwenye kiwiko, na kwa kuwa midomo yangu haijazoea kukaa bure nilikuwa nasoma nyiradi kwa sauti ya chini. Upande wa pili jirani alikuwa anashangilia kipimo chake.

"Kinadonoa! Oneni, kinadonoa kama kuku!"

Jina likabaki hapo hapo. Kalamu na kidonoa.

Tatizo lilikuwa namba. Kalamu ilisema kumi na tatu, kidonoa kikasema ishirini na moja, jicho lile lile la sungura yule yule. Aliyefuata, vivyo hivyo. Hakukuwa na siku kidonoa kilisema chini ya kalamu. Binti alibadilisha kijiti, akafuta mdomo wa kifaa, akaweka betri mpya. Kidonoa kikabaki juu. Mwisho wa wiki ya pili alimpigia mwalimu wake, akaweka simu iongee kwa sauti ili nasi tusikie.

"Hizi namba za kifaa cha pili zimelewa," mwalimu yule alisema. "Sioni cha kulinganisha hapa. Tafuta tatizo liko wapi, la sivyo vifaa virudi na tuzungumze mwakani."

Binti aliitikia "sawa mwalimu" mara tatu. Jirani yangu alikitetea kidonoa kama fahali wake aliyesingiziwa kuingia shambani.

"Kidonoa changu hakina kosa. Kalamu yako ndiyo inayodanganya, mwalimu. Imekaa karibu na wewe sana, imeacha mambo ya duniani, inaandika ya akhera."

"Cha kwako kinapanda kwa kuogopa fimbo yako," nikamwambia. Tukacheka, ila binti hakucheka. Alikuwa anafuta kijiti ambacho tayari kilikuwa safi.

Jumamosi jirani alikwenda mnadani upande wa Ruangwa na hakuwepo asubuhi. Nikashika mimi sungura wote, kwa kidonoa kwanza na kwa kalamu baadaye. Kidonoa kikasema kumi na nne. Kalamu ikasema kumi na tatu. Wa pili, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Nilimwambia binti, alhamdulillah, kifaa kimepona. Alitabasamu kidogo tu. Nilidhani amechoka.

Jumatatu jirani alirudi kwenye kigoda chake, na kidonoa kikapanda tena kama hakijawahi kushuka.

Hapo ndipo nilipoacha kutazama kipimo nikatazama mikono. Mkono wa kushoto wa jirani ulikuwa chini ya taya ya sungura, vidole vimezunguka shingo, kidole gumba kimekaza nyuma ya sikio. Ndivyo anavyoshika ndama wa kunyweshwa dawa, na ndama hatoki hapo. Lakini sungura ana shingo nyembamba kama kifundo cha mkono wangu. Mishipa ya masikio yake ilikuwa imevimba, na macho yametoka kidogo. Bomba likibanwa shingoni, maji ya juu yatashuka vipi? Kidonoa kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza. Presha ilikuwa juu kweli. Ilipandishwa na mkono.

Nilimtazama binti. Naye alikuwa anatazama pale pale, kwenye kidole gumba cha baba yake. Akainamisha macho.

Baba yake alipoondoka, nilimkuta anafua kanga kwenye beseni.

"Umeona tangu lini?" nikamwuliza.

"Jumamosi, babu. Uliposhika wewe wote."

"Mbona hukusema?"

Aliikamua kanga mpaka ikabaki kama kamba. "Nimwambie baba yangu hajui kushika mnyama? Baba yangu? Amezalisha ng'ombe tangu hana ndevu. Wiki mbili hajaenda malishoni kwa ajili yangu. Kule mnadani anawaambia watu kwamba kazi yangu haiendi bila yeye."

"Na Alhamisi?"

"Bora nirudie mwaka."

Alisema bila kulia, na ndiyo maana nilimwamini. Zilibaki asubuhi tatu. Nilikwenda kuswali adhuhuri, na baada ya kutoa salamu nikakaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida. Kusema kweli ni amana. Kumvunjia mtu heshima mbele ya mtoto wake nako si jambo dogo. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anionyeshe njia ambayo sitalazimika kuchagua, na sina budi kumshukuru, kwa sababu nilipoinuka kutoka kwenye mkeka nilikuwa nimeipata, na ilikuwa nyepesi mpaka nikajicheka.

Kesho yake asubuhi jirani aliponyanyua kigoda chake, nikamwambia, "Jirani, leo tubadilishane."

"Kwa nini? Umechoka kushindwa?"

"Nimechoka kusikia kidonoa kinavyosifiwa. Nataka nikijaribu."

"Hukiwezi. Kinataka mkono wa mwanamume."

"Basi wewe kaa kwenye kalamu, tuone kama shule ulimaliza."

Akacheka, akakaa kwenye kiti changu. Binti alinitazama ghafla, kisha akashika kazi haraka asije akaonekana usoni. Sungura wa kwanza akaja kwangu, nikampakata, kidonoa kikadonoa. Kumi na tatu. Akatiwa ganzi, akaenda kwa jirani. Kalamu ikalia. Ishirini na mbili.

"Nilikwambia kalamu ni mwongo," jirani alisema.

Wa pili, kumi na nne kwangu, ishirini na moja kwake. Wa tatu vivyo hivyo. Alipofika wa nne jirani aliacha kuongea. Alikuwa anaangalia namba zinavyoandikwa, na mtu aliyehesabu ng'ombe zake kila jioni maisha yake yote hahitaji kuambiwa idadi inapokataa.

"Jana kidonoa ndicho kilichokuwa juu," alisema polepole.

"Ndiyo," nikasema.

"Leo ni kalamu."

"Ndiyo."

Alivua kofia, akaiweka gotini. "Basi ugonjwa umehama pamoja na mimi."

Aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ameuazima. Kisha akalegeza kidole gumba, akafungua vidole vingine, akaacha shingo ya sungura ikae huru kwenye kiganja.

"Pima sasa."

Kumi na nne.

Akabana tena. "Pima."

Ishirini na moja.

Akalegeza. Alitaka kubana mara ya tatu, bintiye akamgusa bega. "Baba, mwonee huruma."

Aliinua uso. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Siku ile ulipokwenda Ruangwa."

Akanyamaza. Nilisikia kuku wanachakura nyuma ya banda, na mke wangu akaacha kutwanga. Niliona kwamba ukimya ule ukiachwa ukae utazoea mahali.

"Jirani," nikasema, "mshukuru Mungu walikuwa sungura. Ungenipakata mimi wiki mbili hizi, saa hizi mngekuwa mnakula ubwabwa wa arobaini yangu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. "Mwalimu, wewe nikupakate? Ungenikojolea!"

Alicheka mpaka sungura akaruka kutoka mapajani akakimbilia chini ya kinu, na sote watatu, na wa nne mke wangu, tukawa tunamfukuza uani kwa kanga na kofia. Alipokamatwa, na aliyemkamata ni mke wangu, jirani alimgeukia bintiye akihema.

"Sikiliza. Ukiona nakosea, niambie. Nitanuna. Nitanuna mpaka jioni, halafu nitakula, halafu itakwisha. Lakini usirudie mwaka kwa sababu ya kidole gumba changu."

"Sawa, baba."

"Haya, tuanze upya. Nani anashika?"

Tulimtazama binti, wazee wawili. Alikuwa pale pale alipokuwa asubuhi ya kwanza, katikati yetu. Safari hii hakupima chochote kichwani.

"Babu atashika wote, kwa vipimo vyote viwili. Mtu mmoja, mkono mmoja. Baba, wewe utawaleta na kuwarudisha."

Jirani yangu aliinuka, akachukua kigoda chake, akakiegemeza ukutani, akaenda mabandani kuleta sungura wa kwanza. Nimewaona watu wakubwa wakitoa vitu vikubwa kwa hiari, lakini sijui kama nimeona jambo lililonipendeza kuliko kigoda kile pale ukutani.

Tulifanya kazi asubuhi ile, ya Jumatano na ya Alhamisi, sungura kumi na wawili, macho yote. Namba hazikuwa sawasawa kila mara. Kidonoa kilizidi kidogo hapa, kalamu ikazidi kidogo pale, kama watu wawili wanaosimulia safari moja. Lakini zilikwenda pamoja. Zile za wiki mbili za kwanza hakuzitupa. Aliziandika pia, akaeleza mkono ulivyofanya, kwa sababu, alisema, bwana mifugo wa kijijini naye atashikiwa sungura na watu waliozoea ng'ombe.

Gari la chuo lilichelewa, na tulikuwa tunakula mihogo alipompigia mwalimu wake na kumsomea. Tuliacha kutafuna.

"Sasa zimelevuka," mwalimu yule alisema. "Na ile sehemu ya mkono usiiondoe, ndiyo nzuri kuliko zote. Njoo na vifaa, uanze kuandika."

Mke wangu akapiga vigelegele vilivyomtoa mwenye duka nje. Jirani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa. Kisha akakumbuka, akalegeza.

Miezi michache baadaye zamu yangu ya kupimwa ilifika. Binti alikuwa ameshafaulu na kuingia mwaka unaofuata wa masomo, na jirani alisisitiza kunipeleka Mnero kwa pikipiki yake. Nilivaa kanzu yangu nzuri, nikafunga kifungo cha shingoni kama ninavyofanya nikienda mbele ya watu. Muuguzi alinikalisha, akachukua kipimo. Jirani, ambaye alitakiwa kungoja nje, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Subiri kwanza, dada," alisema. "Huyu amebanwa shingo. Ukimpima hivi atakudanganya."

Kabla sijasema neno alinifungua kifungo. Muuguzi alicheka, lakini akasema ni kweli, na mara nyingi husahau kuwaambia wazee. Akapima. Akaniambia presha yangu imetulia, niendelee na matone yangu na nisiache hata siku moja.

"Alhamdulillah," nikasema.

"Amina," akaitikia jirani yangu. Kisha akanifunga kifungo mwenyewe, kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyoshika sungura siku hizi.